Mwidhinishaji Mkuu wa Magodoro

Jumapili hiyo mchana meza ya kulia ilikuwa imetekwa. Sahani zilikuwa zimesukumwa pembeni, waya wa laptopu umepita juu ya kochi, na Bi Mishale alikuwa ameinama mbele ya kioo kama fundi saa.

"Mama, naomba simu yako kidogo," alisema bila kuinua macho.

"Si una yako?" aliuliza mama mkwe.

"Yangu inaomba, mama. Natafuta simu ya kukubali."

Mama mkwe alikuwa muuguzi mstaafu. Kabla ya kustaafu alikuwa msimamizi wa wodi ya wanaume, na hadi leo watu wazima waliolazwa pale wakikutana naye njiani hunyoosha migongo. Tangu goti lake lianze kumsumbua alikuwa amehamia kwa mwanawe, akapewa chumba cha mbele na kiti chenye mito. Goti lilipata nafuu, lakini yeye mwenyewe hakupata cha kufanya. Aliitoa simu kwenye mfuko wa gauni, akaifuta kwa kitambaa, akaikabidhi.

Mkwe wake waliyemwita Bi Mishale alipewa jina hilo kazini, kwenye kiwanda cha magodoro, kwa sababu kutwa alikuwa akichora visanduku na mishale kwenye kompyuta. Kisanduku hiki: mlinzi anaomba tochi. Mshale. Kisanduku kile: mkubwa wake anakubali au anakataa. Mshale mwingine: stoo inatoa. Hapo awali maombi yote pale kiwandani yalisafiri kwenye karatasi, na karatasi zilipenda kupotea chini ya vikombe vya chai. Bi Mishale aliajiriwa kuyahamishia kwenye mfumo, na mwenyewe alikuwa bado kwenye kipindi cha majaribio. Mfumo ukianza vizuri Jumatatu, angethibitishwa. Usipoanza vizuri, basi tena. Mumewe alikuwa fundi friji ambaye jengo la karakana yake liliuzwa yeye akiwa ndani, ameshika bisibisi. Sasa alitengenezea friji uani, na friji zenyewe zilikuja moja moja kama wageni wasio na uhakika na anwani. Kwa hiyo nyumba iliegemea mishale ya mke.

"Sasa mama, utapata meseji. Utajibu NDIYO au HAPANA, halafu unaandika sababu."

Simu ililia. Mama mkwe aliisoma kwa sauti: "Ombi jipya linasubiri idhini yako. Godoro moja la majaribio." Akashusha miwani. "Nani analitaka?"

"Hakuna mtu, mama. Ni majaribio tu."

"Basi HAPANA."

"Weka NDIYO, mama, tuone kama inafika."

"Siwezi kutoa godoro kwa mtu ambaye hayupo. Kesho akija aliyepo nitamlaza wapi?"

Mume wa Bi Mishale naye alipewa nafasi ya kuwa Idara ya Manunuzi. Yeye alikubali kila kitu bila kusoma, likiwemo ombi la kumfukuza kazi mkuu wa manunuzi, ambaye alikuwa yeye.

"Umejifukuza," alisema Bi Mishale.

"Nilikuwa nimeanza kuchoka," alijibu mumewe, akarudi uani.

Mama mkwe hakuchoka. Kila meseji aliisoma mara mbili, akauliza maswali, akaandika sababu kwa kidole kimoja. Bi Mishale alifurahi kwamba mshale unafika, na kwa furaha hiyo akasema maneno ambayo angetamani sana kuyameza baadaye:

"Zikija nyingine, mama, usinisubiri mimi. Jibu tu unavyoona wewe."

Ndipo simu yake ilipolia. Alikuwa Meneja wa Uendeshaji, mtu waliyemwita Bwana Leo-Leo kwa sababu hakuwahi kutaka kitu kesho. "Mfumo uwe hewani leo leo!" alisema. "Kesho Mkurugenzi anakuja asubuhi!" Bi Mishale alifungua ukurasa wa mipangilio, akauhamisha mfumo kutoka Majaribio kwenda Kazi Halisi, akaandika majina ya wenye mamlaka: maombi madogo yaende kwa Meneja, makubwa kwa Mkurugenzi, na ya Mkurugenzi mwenyewe yaende kwa mzee mwenye kiwanda. Kisha akaweka mpangilio aliojivunia kuliko yote, ule wa kuficha majina. Mwombaji aonekane kwa cheo tu, na anayeidhinisha aonekane kama "Mwidhinishaji Mkuu", ili pasiwe na upendeleo na watu wasiende kulia mlangoni kwa mtu.

Chini kabisa ya ukurasa kulikuwa na kisanduku kidogo chenye tiki tayari. Kando yake palikuwa pameandikwa: Rithi mipangilio ya mchakato mzazi. Bi Mishale alikiona. Kilisikika kama jambo la heshima, kitu ambacho hakiwezi kumdhuru mtu. Lakini mchakato mzazi ulikuwa ule wa mezani, ambao sasa ulibaki na mwidhinishaji mmoja tu, aliyesajiliwa kwa jina la Mama.

Alitaka kukichunguza. Kweli alitaka. Ila mumewe alipiga kelele kutoka mlango wa nyuma, "Maziwa! Maziwa yanamwagika!" naye akabonyeza Hifadhi akakimbilia jikoni.

*

Jumatatu asubuhi, Bi Mishale akiwa ameshaondoka, simu ya mama mkwe ililia kabla hajamaliza chai.

"Ombi jipya linasubiri idhini yako. Mwombaji: Mlinzi. Anaomba: viatu vya mvua."

Mama mkwe alitabasamu. Kumbe majaribio yanaendelea. Alijinyoosha kwenye kiti, akavaa miwani, akaandika: HAPANA. Vya mwaka jana viko wapi? Avilete vionekane.

Aliona mkwe wake ametunga maswali magumu safari hii, kama mitihani ya zamani ya uuguzi, pale wanapokuambia mgonjwa amefika na hali hii na hii, je, utafanya nini. Naye katika mitihani hiyo hakuwahi kushika nafasi ya pili.

Likaja la Dereva, akiomba ruhusa ya kwenda kumzika bibi yake. NDIYO, aliandika mama mkwe. Pole sana. Aliugua nini? Idara ya Masoko iliomba viti vipya vinavyozunguka. HAPANA. Mkae mtulie. Mhasibu aliomba kuingia kazini saa moja baadaye kuliko wenzake. HAPANA. Lala mapema. Kisha likaja moja refu kidogo, la Mkurugenzi, aliyeandika kwamba amerudi safarini juzi, akiomba safari nyingine ya mafunzo ya uongozi kwenye hoteli ya ufukweni. Mama mkwe alilisoma, akacheka peke yake hadi mito ikadondoka. Huyu mtoto ana vituko, aliwaza, kisha akaandika: HAPANA. Ndiyo kwanza umerudi safarini. Watoto wako wanakuona lini?

Kule kiwandani majibu haya yalitua kama mvua ya mawe na maua pamoja. Kwa kuwa majina yalifichwa, kila mtu aliamini aliyemjibu ni bosi wake. Mlinzi aliviokota viatu vyake vilivyotoboka, akaenda kuviweka mezani kwa Bwana Leo-Leo, ambaye hakujua vimetoka wapi na kwa nini vimewekwa juu ya faili. Mhasibu aliacha kabisa kupiga miayo mbele za watu. Dereva alikaa kwenye gari lake akiisoma meseji yake tena na tena, macho yamemlowa.

"Mkurugenzi ameniuliza bibi aliugua nini," aliwaambia wapakiaji. "Mtu mkubwa kama yule!"

Na kwa sababu mfumo haukuwa na mahali pa kumjibu bosi, alijaza ombi jipya: "Naomba kujibu. Alikuwa na presha. Alikuwa mkali lakini alinipenda."

NDIYO, alijibu mama mkwe. Wakali ndio hao hao wanaopenda. Kunywa maji ya kutosha njiani.

Mkurugenzi mwenyewe aliipokea HAPANA yake akiwa ofisini, mlango umefungwa. Alijua inatoka kwa mzee mwenye kiwanda, kwa sababu nani mwingine angethubutu? Ila mzee huwa haulizi habari za watoto. Alivuta droo, akaitoa picha ya familia iliyokuwa imelala kifudifudi, akaisimamisha mezani. Hakumwambia mtu.

Jambo la ajabu ni kwamba hakuna bosi aliyeshtuka kwa kukosa maombi ya kuidhinisha. Bwana Leo-Leo aliona simu yake kimya siku nzima, akadhani Mkurugenzi ameamua kuidhinisha yote mwenyewe, akashukuru. Mkurugenzi aliona simu yake kimya, akadhani hatimaye Bwana Leo-Leo amejifunza kuamua, naye akashukuru. Walipokutana kwenye korido walipeana mikono kwa nguvu, na wala hakuna aliyetaja sababu.

"Mfumo wako mzuri sana," Bwana Leo-Leo alimwambia Bi Mishale. "Mambo yanakwenda yenyewe!"

Bi Mishale alirudi nyumbani siku hiyo akitembea kwa madaha.

*

Mezani jioni, mama mkwe alikuwa na hamu ya kuongea.

"Wale watu wako wanapenda sana viti," alisema.

"Watu gani, mama?"

"Wa simu. Leo wameomba viti tena, safari hii wakaita samani. Nimewanyima."

Bi Mishale alikuwa na uchovu ule wa mtu ambaye siku nzima amekuwa akitabasamu. Alisikia simu, akasikia viti, akadhani ni yale matangazo ya maduka yanayoingia kwenye simu za watu bila kuombwa. "Umefanya vizuri, mama. Wanasumbua hao."

"Lakini dereva nimempa."

"Sawa, mama."

"Unanisikiliza kweli wewe?"

"Nakusikiliza, mama," alisema Bi Mishale, huku macho yamefumba nusu na kijiko kimebaki hewani. Mumewe alikichukua kile kijiko taratibu, akakirudisha kwenye sahani.

Siku zikaenda hivyo. Mama mkwe aliacha kulalamikia goti. Aliamka mapema, akaoga, akavaa gauni la kutokea, akakaa kwenye kiti chake simu mkononi, na mwanawe akipita na friji mabegani aliambiwa asipige kelele, watu wako kazini.

Siku moja likaja ombi lililomfanya aivue miwani na kuifuta upya. "Mwombaji: Ofisa Manunuzi. Anaomba: kununua kemikali, mapipa. Haraka."

Kemikali. Mapipa. Haraka. Hakuna jina la dawa, hakuna kipimo, hakuna mgonjwa. Wauguzi walioandika mambo kama hayo zamani zake walilia chooni. Huu, aliona, ndio mtego wa mtihani. Akaandika kwa herufi kubwa zote: HAPANA. DAWA GANI HII ISIYO NA MAELEZO? MGONJWA NI NANI?

Ofisa manunuzi, mama mmoja makini, aliisoma meseji hiyo mara mbili. Alidhani Mkurugenzi amechanganyikiwa au anamtega. Vyovyote vile hakutaka kuwa wa kwanza kuuliza. Akaiweka simu kwenye droo.

Alasiri ya siku hiyo hiyo liliingia moja la mwisho. "Ombi: kuthibitishwa kazini. Cheo: Mchambuzi wa Michakato. Maoni ya meneja: hodari. Anakaa ofisini hadi giza. Anapokea simu hata Jumapili."

Mama mkwe alijua mkwe wake anachora mishale. Habari ya kuchambua michakato hakuwahi kuisikia, na cheo hicho kilimjia kama jina la mtu anayepepeta nafaka. Alimfikiria huyo mtu asiye na jina, anatoka giza anarudi giza, Jumapili anaongea na simu. Moyo ukamwuma. Aliandika kwa huruma kabisa: HAPANA. Mtu huyu ana kwao kweli? Mwacheni apumzike.

Akaituma, akaona leo ametenda jema.

*

Mashine ya kufurisha sifongo ilisimama asubuhi iliyofuata. Ilikohoa, ikatoa kipande chembamba kama chapati ya mtu mvivu, ikanyamaza. Kemikali zilikuwa zimekwisha. Wafanyakazi walikaa juu ya magodoro, ambayo ni mahali pabaya sana pa kumkalisha mtu unayetaka aendelee kuwa macho, na hadi Mkurugenzi anashuka ngazi nusu yao walikuwa wanakoroma.

Waliitwa wote ukumbini: Bwana Leo-Leo, ofisa manunuzi, Bi Mishale na laptopu yake. Dereva, aliyekuwa amerudi kutoka msibani, alisimama mlangoni bila kuitwa.

"Nani alikataa kemikali?" aliuliza Mkurugenzi.

"Si ni wewe, mkuu?" alisema ofisa manunuzi kwa sauti ndogo.

"Mimi?"

"Uliniuliza mgonjwa ni nani."

Mkurugenzi alimgeukia Bi Mishale. "Fungua hilo jina lililofichwa. Tuone."

Bi Mishale alibonyeza. Kwenye ukuta, kwa herufi kubwa, ikatokea: Mwidhinishaji Mkuu: Mama.

Watu wakaitazama.

"Mama nani?" aliuliza Mkurugenzi.

"Labda ni kifupisho, mkuu," alisema Bwana Leo-Leo kwa haraka. "Mamlaka ya... Maidhinisho na... Magodoro... A..."

"A nini?"

"Nitaitafuta leo leo."

Chini ya lile neno kulikuwa na namba ya simu, na namba hiyo Bi Mishale aliijua kwa moyo, kwa sababu ndiyo aliyoipiga kila akitaka kujua kama gesi imezimwa. Alifungua mdomo aseme, lakini Mkurugenzi tayari alikuwa amepiga na kuweka spika.

"Haloo," ilisema sauti ambayo Bi Mishale aliizoea, nyuma yake ikisikika nyundo ikigonga friji.

"Haloo. Naongea na nani?"

"Wewe ndiye uliyepiga. Jitambulishe kwanza."

Mkurugenzi akajikuta amenyoosha mgongo. "Mimi ni Mkurugenzi wa kiwanda cha magodoro."

"Aaa! Wewe ndiye wa ile safari!"

Kutoka ghala la pili kulisikika mtu akikoroma.

"Safari gani?" ofisa manunuzi alinong'ona.

"Si anataka mafunzo ufukweni!" sauti iliendelea kwa furaha. "Nikajiuliza, mtu mzima huyu anakwenda kufundishwa nini kule, kuogelea? Lakini umefanya vizuri kupiga. Mkwe wangu amewatunga vizuri, hadi sauti mnazo!"

Mkurugenzi alikuwa amebadilika rangi. "Mama, kuhusu kemikali..."

"Niliuliza swali, sikujibiwa. Dawa gani hiyo?"

"Si dawa. Ni ya kufurishia sifongo. Ya magodoro."

"Ya magodoro? Basi mngeandika magodoro! Mnaandika mapipa ya kemikali, haraka, mnataka niwaze nini? Haya. NDIYO. Kuna kingine?"

"Mama," alisema Bi Mishale. Sauti ilimtoka kama ya mtoto aliyevunja glasi. "Mama, ni mimi. Kata simu."

Kule nyumbani nyundo ikaacha kugonga.

"Wewe unafanya nini humo ndani ya majaribio?" aliuliza mama mkwe.

Na simu ikakatika.

Dereva pale mlangoni aliivua kofia. "Kwa hiyo," alisema pole pole, "aliyenipa pole si Mkurugenzi?" Mkurugenzi mwenyewe aliangalia viatu vyake.

Bi Mishale aliwaeleza yote: meza ya kulia, simu ya kuazima, kisanduku chenye tiki, maziwa. Maziwa aliyataja mara mbili, ingawa alijua hayamsaidii. Akaitoa ile tiki mbele yao, akahifadhi. Ilichukua muda mfupi kuliko kupiga chafya.

Mkurugenzi alitaka kufoka, ilionekana. Lakini kila alipofungua mdomo, watu walionekana kumwona akiogelea ufukweni. Mwishoni alisema tu, "Ombi lako la kuthibitishwa liko wapi?"

Bwana Leo-Leo alitafuta. "Limekataliwa, mkuu."

"Na nani?"

"Na... Mama."

Bi Mishale alisoma sababu yake ukutani pamoja na wenzake wote, lile swali la kama mtu huyu ana kwao kweli, na uso ukamwaka moto.

"Niligeuze?" aliuliza Bwana Leo-Leo.

"Haligeuki," alisema Bi Mishale. "Niliweka kwamba aliyekataa ndiye pekee anayeweza kugeuza. Ili watu wasizunguke kutafuta bosi laini."

Mkurugenzi alikusanya funguo zake. "Basi sheria ni yako. Nenda kamwombe. Kesho asubuhi nikikuta bado limekataliwa, tunatangaza nafasi."

*

Alimkuta mama mkwe kwenye kiti chake, gauni la kutokea bado liko mwilini, simu juu ya goti.

"Imekufa hii," alisema. "Tangu mchana hakuna anayeomba kitu."

Bi Mishale alikaa chini kwenye mkeka, karibu na miguu yake, akamweleza. Alieleza taratibu na bila kujitetea, na maziwa hakuyataja. Mama mkwe alisikiliza bila kumkatiza, jambo lililomtisha zaidi.

"Kwa hiyo walikuwa watu," alisema mwishoni.

"Walikuwa watu, mama."

"Yule dereva alifiwa kweli?"

"Kweli."

"Na mlinzi mvua inamnyeshea."

"Inamnyeshea, mama. Ila jioni hii amepewa viatu, nimehakikisha."

Mama mkwe alitazama dirishani. "Nilidhani mnawatunga. Miaka yote nimekaa wodini, sikuwahi kumjibu mtu bila kumwona uso. Mngeniambia ni watu ningewauliza vizuri." Kisha kitu kikapita usoni mwake, kidogo tu, kona ya mdomo. "Lakini kiwanda kizima?"

"Kizima, mama."

"Na yule wa ufukweni ni Mkurugenzi wa kweli?"

"Wa kweli kabisa."

Alicheka hadi akajishika ubavu, na Bi Mishale akacheka naye ingawa hakutaka. Mumewe alichungulia, akawaona wanacheka pamoja, akarudi uani haraka kabla jambo hilo halijaharibika.

"Kuna mwingine uliyemkataa," alisema Bi Mishale walipotulia. "Mchambuzi wa Michakato."

"Yule maskini wa Jumapili? Huyo sikumkataa, nilimwonea huruma."

"Ni mimi, mama."

Mama mkwe alivua miwani. Alimtazama mkwe wake kuanzia kitambaa cha kichwa hadi viatu ambavyo hata hakukumbuka kuvivua mlangoni. Alimtazama kama alivyokuwa akiwatazama wagonjwa wanaofika mapokezi wakisema hawana tatizo lolote.

"Kazi hiyo unaitaka?"

"Tunaihitaji, mama. Unajua hali ya karakana."

"Sikuuliza kama mnaihitaji."

Bi Mishale aliinua uso. Swali hilo hakuwahi kuulizwa na mtu, si mumewe, si Bwana Leo-Leo, wala yeye mwenyewe hakujiuliza. "Naitaka," alisema, akashangaa. "Naipenda, mama. Kitu kikiwa kinakwama mahali kila siku, nikachora mshale kikapita... nafurahi hadi naona aibu. Jumapili ndiyo siitaki. Na kukaa hadi giza sikutaki."

"Umewaambia?"

"Nitaanzaje, mama? Niko kwenye majaribio."

"Lete simu."

Aliandika kwa muda mrefu, kidole kimoja, midomo ikitembea. Alipotuma, simu ililia papo hapo. Aliisoma, akakunja uso. "Samahani. Huna mamlaka ya kufanya kitendo hiki." Akaitikisa simu. "Eti sina! Nani anasema sina?"

Bi Mishale alijipiga paji la uso. "Mfumo, mama. Nimekutoa mchana."

"Umenitoa?"

"Mbele ya Mkurugenzi, mama. Ilibidi."

"Hata kuagwa sikuagwa!"

Ikabidi meza itekwe tena. Laptopu ilifunguliwa, waya ukapita juu ya kochi, mumewe akaitwa asimamie jikoni na akaambiwa hata nyumba ikianza kuungua aseme polepole. Bi Mishale aliutafuta ukurasa wa mipangilio, akashuka hadi chini kabisa. Kisanduku kilikuwa pale, kitupu.

"Usiguse kingine," alisema mumewe kutoka jikoni.

Aliweka tiki. Akahifadhi. Mama mkwe akatuma upya, na wote wawili wakautazama ukurasa bila kupumua hadi maandishi yalipobadilika: Limeidhinishwa. Na chini yake, sababu: NDIYO. Athibitishwe. Atoke kazini jua lingalipo. Jumapili akipigiwa simu nitapokea mimi.

Bi Mishale alilaza kichwa juu ya meza. Alipokiinua, macho yalikuwa mekundu na mama mkwe alijifanya kutoona.

Alikuwa ameshashika kipanya aitoe tiki, kama alivyoahidi, simu ilipolia mezani.

"Mmoja ameniwahi," alisema mama mkwe, akivaa miwani. "Mwombaji: Meneja wa Uendeshaji. Anaomba: kutokuja kesho. Sababu: amechoka." Akainua macho. "Huyu si ndiye anayekupigia Jumapili?"

"Ndiye, mama."

Mama mkwe aliishika simu kidogo, akaipima mkononi. Kisha akaisukuma juu ya meza hadi mbele ya mkwe wake.

"Huyu mjibu wewe."

Bi Mishale aliisoma meseji. Aliisoma tena. Alimwona Bwana Leo-Leo huko aliko, amekodolea macho kioo, hawezi kusubiri. Aliigeuza simu kifudifudi.

"Nitamjibu tukishakula," alisema.

Wakala taratibu, wakaongezeana chakula, mumewe akasimulia habari ndefu ya friji moja isiyotaka kupoa, nao wakamsikiliza hadi mwisho. Simu ililia mara nyingine, ikalia tena, na hakuna aliyeigusa. Vyombo vilipokwisha kuoshwa na kufutwa ndipo Bi Mishale alipokaa, akaandika NDIYO, pumzika, akatoa tiki, akaifunga laptopu.